Kengele Iliyopanda kwa Ubavu

Kengele ya shule katika vijiji vingi vya upande wa Sandoa ni janti ya lori. Hutundikwa kwa waya kwenye tawi la mwembe, na kila asubuhi mtoto wa zamu huokota boliti nene na kuigonga mpaka walio ng'ambo ya mto wajue kuwa wamechelewa. Janti ni chuma. Shaba ya Lualaba, ambayo dunia nzima inaitafuta, haigongwi na mtoto yeyote: inatoka Kolwezi juu ya malori ya kwenda Kasumbalesa au ndani ya mabehewa ya reli ya Lobito, ikalie huko iendako.

Huko iendako, tangu zamani, baadhi ya shaba ya dunia imegeuzwa sauti. Kengele inayojulikana kuliko zote iko London, katika mnara wa Bunge la Uingereza. Ina uzito wa tani 13.7, na zaidi ya tani kumi kati ya hizo ni shaba. Watu huiita Big Ben, na wengi hudhani hilo ni jina la saa au la mnara. Ni jina la kengele. Mlio wake ulirushwa redioni kwa mara ya kwanza usiku wa tarehe 31 Desemba 1923, na tangu hapo umeingia hata katika nyumba za watu wasiojua Bunge la Uingereza liko wapi. Wanachoambiwa mara chache ni kwamba kengele hiyo ina ufa, na kwamba yenyewe ni ya pili, kwa sababu ya kwanza ilipasuka kabla haijapanda ngazi hata moja.

Wenyeji wa nchi ya Walunda na Waluba hawahitaji kufundishwa kwamba kengele ni jambo la utawala. Mwanahistoria Jan Vansina aliandika mwaka 1969 juu ya kengele za chuma za Afrika ya Kati, za mdomo mmoja na za midomo miwili, akaonyesha kuwa zilikuwa alama ya wafalme na machifu. Hazikuwa na ulimi ndani. Mfua chuma alipiga mabamba mawili, akayaunganisha pembeni, na mpigaji akazigonga kwa nje kwa kijiti. Shaba ilikuwa na kazi nyingine. Iliyeyushwa na kumiminwa katika umbo la msalaba, misalaba ikawa fedha, mali ya mahari, na zawadi ya kumzika mtu nayo. Wanaakiolojia waliochimba makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, mwaka 1957 na 1958, waliikuta imelazwa pamoja na wafu. Mwaka 1960 misalaba mitatu ya aina hiyo ilichorwa kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga. Kwa karne nyingi, basi, chuma kilipewa sauti na shaba ikapewa thamani.

Na mgawanyo huo ulikuwa na akili. Shaba tupu ni laini. Ukiigonga inatoa mlio mfupi na mzito unaokufa palepale. Ili iimbe lazima ichanganywe na bati, na hapa bati si mabati ya paa bali ile madini inayopatikana katika kasiterite ya Manono. Bati huifanya shaba kuwa ngumu, na ugumu ndio unaoacha mtetemo uzunguke ndani ya kengele badala ya kumezwa. Ila kila kinachoongezwa kwenye ugumu hupunguzwa kwenye uvumilivu. Ukizidisha bati, unapata chombo chenye sauti nzuri kinachovunjika kama kioo. Wasubu kengele wa Ulaya walikuwa na kipimo walichorithishana, sehemu 13 za shaba kwa sehemu 4 za bati, na hawakupenda kukivuka. Aliyewavusha hakuwa msubu. Alikuwa mwanasheria.

Kisa kinaanza na moto. Tarehe 16 Oktoba 1834 watumishi wa Bunge la London walikuwa wakichoma vijiti vya zamani vya mbao ambavyo serikali ilivitumia kuhesabia kodi. Walivishindilia kwenye tanuri chini ya jengo mpaka bomba za moshi zikazidiwa, na usiku huo sehemu kubwa ya kasri ikateketea. Kazi ya kujenga upya akapewa msanifu majengo Charles Barry, na katika michoro yake palikuwa na mnara wa saa. Jiwe la msingi la mnara liliwekwa mwaka 1843.

Saa yenyewe ilikuwa balaa jingine. George Airy, mnajimu mkuu wa serikali, alidai kwamba pigo la kwanza la kila saa lisikosee hata sekunde moja, na kwamba saa hiyo itume habari zake kwa telegrafu mpaka kituo cha Greenwich. Mafundi wengi walisema haiwezekani. Hapo akaingia Edmund Beckett Denison, wakili tajiri aliyependa saa kuliko kesi, mtu mwenye kipaji kweli na ulimi wa kuchoma. Yeye ndiye aliyechora mtambo, na Edward Dent ndiye aliyepewa kazi ya kuuunda. Dent alipofariki mwaka 1853, mwanawe wa kambo Frederick akaendelea. Mwaka 1854 saa ilikuwa tayari. Mnara haukuwa tayari. Denison akatumia miaka ya kungoja kubuni kifaa kipya cha kuuzuia upepo unaosukuma mishale ya nje usiusumbue mwendo wa timazi ndani, na minara mingi duniani ikaja kukiiga. Kwa saa, lazima apewe haki yake.

Kisha akageukia kengele, na hapo ndipo ujuzi wa kitabu ulipokutana na tanuri. Denison alitaka sehemu 22 za shaba kwa 7 za bati. Tofauti na kipimo cha wazee inaonekana ndogo kwenye karatasi. Katika metali ya kengele si ndogo. Kampuni ya John Warner and Sons ilikubali kuisubu. Tarehe 6 Agosti 1856, huko Norton karibu na Stockton-on-Tees, kengele ya tani 16 ikamiminwa. Ilisafirishwa kwa reli na kwa bahari hadi bandari ya London, ikapandishwa kwenye gari, na farasi 16 weupe wakaivuta kuvuka daraja la Westminster huku watu wamejaa pande zote. Kwa kuwa mnara ulikuwa bado, ilitundikwa uwanjani mbele ya Bunge, ikawa inagongwa kila siku kwa majaribio.

Miaka hiyohiyo, shaba nyingine ilikuwa inasafiri upande mwingine wa dunia. Karibu mwaka 1856 kijana wa Kinyamwezi, mwana wa mfanyabiashara wa shaba aliyeitwa Kalasa, alihamia Katanga. Huyo ndiye Msiri, aliyekuja kutawala kutoka Bunkeya mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Misafara iliyobeba shaba na pembe kuelekea mashariki ilirudi na nguo, bunduki na maneno, na sehemu ya Kiswahili kinachosemwa leo Lubumbashi na Kolwezi iliingia kwa njia hizo. Neno lenyewe shaba lilikuja likawa jina la jimbo zima, tangu 1971 hadi 1997. Hakuna anayeweza kusema kuwa shaba ya Katanga iliingia kwenye tanuri la Norton, wala hakuna haja. Inatosha kujua kwamba mwaka ambao Waingereza walikuwa wanaipigia shaba nyundo ili waisikie, huku watu walikuwa wanaihesabu mmojammoja, msalaba kwa msalaba.

Tarehe 17 Oktoba 1857 kengele ya uwanjani ilipasuka. Ufa ulikuwa na urefu wa mita 1.2. Akina Warner walisema kosa ni la wakili, aliyeng'ang'ania kuongeza uzito wa nyundo kutoka kilo 355 hadi kilo 660. Denison alisema kosa ni la wasubu. Kila upande ulikuwa na maneno ya kutosha kujaza magazeti, na magazeti yalikubali kujazwa. Warner walipotaja bei ya kuivunja na kuisubu upya, serikali iliona ni ghali mno, kazi ikaenda kwa George Mears wa kiwanda cha kengele cha Whitechapel, mashariki ya London. Kengele iliyokuwa imepokewa kwa farasi weupe ikapondwa vipandevipande hadharani kwa tufe la chuma lililoangushwa kutoka juu, na vipande vikarudi tanurini.

Mears alimimina kengele ya pili tarehe 10 Aprili 1858. Kwa majuma karibu matatu metali hiyo ililala ndani ya kalibu yake ikipoa. Ilipotolewa, kipenyo cha mdomo wake kilikuwa mita 2.7 na kimo chake mita 2.2, na ilikuwa nyepesi kuliko ya kwanza kwa zaidi ya tani mbili. Farasi 16 wakaitwa tena, mitaa ikapambwa tena. Jina la Big Ben ilishakuwa nalo. Wapo wanaosema ni la Benjamin Hall, waziri wa majengo ya serikali, aliyekuwa pande la mtu, na wapo wanaosema ni la bondia Ben Caunt, naye pande la mtu.

Ilibaki kuipandisha.

Mnara wa Westminster una mita 96 kutoka chini hadi kileleni. Chumba cha kengele kiko juu ya sura za saa, na leo anayepanda kwa miguu hukanyaga ngazi 334. Katikati ya ngazi na kuta, Barry alikuwa ameacha shimo la wima, kama kisima kilichogeuzwa kwenda mbinguni, na humo ndimo kila kitu kizito kilipaswa kupita. Shimo lilikuwa jembamba. Kengele iliyosimama juu ya mdomo wake, yenye upana wa mita 2.7, isingepita, ingekwama kama mtungi kwenye mdomo wa kisima. Lakini kimo chake kilikuwa pungufu ya upana wake kwa nusu mita, na nusu mita hiyo ndiyo iliyookoa shughuli. Wakailaza ubavu.

Yeyote aliyewahi kuona mashine nzito ikishushwa kwenye mgodi wa Kolwezi anaelewa maana ya neno hilo. Kengele iliyosimama inajilinda yenyewe. Uzito wake unashuka sawasawa kwenye mdomo mzima. Kengele iliyolala inataka kubiringika, na ikigusa ukuta wa jiwe kwa ukingo wake, tani 13.7 zinakutana na jiwe kwenye nukta moja. Tena hii ilikuwa kengele ya 22 kwa 7, ngumu na isiyosamehe. Minyororo na winchi ndivyo vilivyobeba mzigo, na nguvu ya kuzungusha winchi ilitoka kwenye mikono ya watu. Siku moja ya Oktoba 1858 safari ikaanza. Mnyororo ulizungushwa mchana, ukazungushwa usiku, zamu ikapokea zamu, mpaka zilipotimia saa 30. Kwa hesabu ya kukadiria, kutoka chini mpaka chumba cha kengele ni mita kama sitini, yaani kengele ilipanda mita mbili kwa saa. Konokono angeishinda.

Juu ilikuwa na wenzake. Kengele nne ndogo za robo saa ziliwekwa kuizunguka, na hii kubwa ikapewa nafasi ya katikati. Ikasimamishwa tena juu ya mdomo wake na kufungwa kwenye boriti, isiyumbe. Watu wengi hudhani kengele kubwa hubembea kama ile ya kanisani. Big Ben haisogei; nyundo ndiyo inayoinuka na kuipiga kwa nje. Mpiga kengele wa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, angeitambua mara moja.

Hata hapo kazi haikuisha, kwani mishale ya saa ilikuwa mizito mno kwa mtambo. Mishale ya dakika, yenye urefu wa mita 4.2, ilibidi itengenezwe upya kwa bamba jembamba la shaba, lililo tupu ndani. Ndiyo kusema shaba iliyokuwa ikielekea kuwa sauti, ikawa pia mkono wa kuonyesha. Saa ilianza kwenda tarehe 31 Mei 1859. Tarehe 11 Julai kengele kubwa ikagongwa kwa mara ya kwanza kutoka juu, na London ikasikia. Wabunge wengine walilalamika kuwa mlio unawasumbua.

Malalamiko hayakudumu, kwa sababu Septemba mwaka huohuo kengele ilipasuka.

Kwa mara nyingine nyundo ya Denison ilikuwa nzito kuliko wasubu walivyoridhia, na kwa mara nyingine Denison alikana. Aliandika kwamba Mears amesubu vibaya na kuziba matundu ya kengele kwa ujanja ili yasionekane. Mears alimshtaki kwa kumchafulia jina, na wakili akashindwa mahakamani. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, akiwa mzee, aliyarudia maneno yaleyale juu ya kiwanda kilekile, akashtakiwa tena, akashindwa tena. Hayo hayakumzuia kuingizwa kwenye orodha ya makabaila mwaka 1886 kwa jina la Lord Grimthorpe. Kama kuna metali iliyokuwa na bati nyingi kupita kiasi katika kisa hiki, huenda haikuwa kengele.

Serikali sasa ilikuwa na tatizo ambalo halikuwa la sheria. Kuishusha kengele kungemaanisha kuilaza tena ubavu, safari hii ikiwa na ufa. Kwa miaka minne iliachwa kimya, na saa zikawa zinagongwa na ile kubwa kati ya kengele za robo. Mwaka 1863 jibu lilitoka kwa Airy, yuleyule mnajimu aliyedai sekunde. Hakushauri isubiwe upya wala ishushwe. Alishauri izungushwe kidogo palepale ilipo ili nyundo ipige mahali pazima. Nyundo yenyewe ibadilishwe, ije nyepesi. Na penye ufa kikatwe kipande kidogo cha mraba ili ufa usiendelee kutembea. Ikafanyika. Nyundo ya leo ina kilo 200, chini ya theluthi ya ile iliyoipasua kengele ya kwanza. Ufa haujazibwa. Uko pale, na mlio ambao dunia inauiga ni mlio wa kengele iliyopasuka.

Miaka kumi na miwili baadaye, kiangazi cha mwaka 1875, Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alizuru London kwa mwaliko wa Waingereza, na kengele yenye ufa ilikuwa ikilia juu ya mji aliofikia. Barghash alikuwa mpenda mitambo. Kanisa kuu la Waanglikana lililojengwa Mkunazini, pale palipokuwa na soko la watumwa, lilipewa saa na yeye, Mwislamu. Mwaka 1883 alimaliza kasri lake kubwa, Beit al-Ajaib, nalo likawa na mnara wa saa kama jirani mbele ya bahari. Mabaharia walioingia bandarini waliuona kabla ya kitu kingine.

Mnara huo ulikufa kwa saa. Waingereza walimpa Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitawaza bila ridhaa yao, mpaka saa tatu kamili asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 ateremshe bendera. Hakuiteremsha. Dakika mbili baadaye manowari zilianza kupiga, na kabla saa moja haijaisha vita vilikuwa vimekwisha, watu kama mia tano upande wa kasri wakiwa wamekufa au kujeruhiwa. Mnara uliharibiwa vibaya mno, ukabomolewa, na saa ikajengewa mnara mwingine juu ya uso wa Beit al-Ajaib yenyewe. Nao ulianguka tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya mbele ya jengo ilipoporomoka wakati wa ukarabati na kuua mafundi wawili.

Wa London ulikarabatiwa pia. Mnara, ulioitwa rasmi Elizabeth Tower tangu 2012, ulizingirwa na majukwaa ya vyuma mwaka 2017, na Agosti mwaka huo kengele ikanyamazishwa ili mafundi wasiharibikiwe masikio. Miezi michache kabla ya hapo kiwanda cha Whitechapel kilikuwa kimefunga milango. Kwa ndani, kuuzunguka mlango wake wa mbele, kilikuwa na ubao uliokatwa kwa umbo la Big Ben, hivyo kila aliyeingia alipita katikati ya kengele. Nyundo ilirudi kazini mfululizo Novemba 2022. Kengele yenyewe haikushushwa. Hakuna aliyetaka kuilaza ubavu mara ya pili.

Chini yake, katika chumba cha mtambo, timazi la kilo 310 linaendelea kwenda na kurudi. Juu yake pamepangwa sarafu za zamani, peni za kabla ya 1971, za shaba iliyochanganywa na bati kidogo. Saa ikichelewa, fundi huongeza peni moja, nayo huharakisha mwendo kwa sehemu 4 za kumi za sekunde kwa siku. Ikiwahi, huiondoa na kuiweka kando.